Walii wa Hawa na Reli za Kwenye Kompyuta

Vuga, Lushoto
8 Agosti 1999

Kwa mwanangu Yusufu bin Rajabu,

Assalaam aleikum. Sisi huku ni wazima, na kama ulikuwa na wasiwasi juu ya afya zetu basi umeuficha kwa ustadi mkubwa, maana barua yako ya mwisho ilitufikia kabla ya Idi Kubwa. Mama yako Sharifa hajambo. Goti lake linatabiri mvua kwa uhakika kuliko redio, na halihitaji betri. Kabichi zimestawi mno mwaka huu. Malori ya Dar es Salaam yanakuja siku yanayotaka na kutaja bei yanayotaka, nasi tunaelezwa kwamba haya ndiyo mageuzi, kila mtu sasa yuko huru. Kabichi nazo ziko huru kunyauka shambani.

Nimepata habari kwa mtoto wa jirani, aliyeipata kwa mwenzake aliyeko huko, kwamba umejiunga na chama cha watu wanaocheza na treni. Sikumwamini. Nilimwambia kijana wetu ana miaka thelathini na mbili.

Sasa jambo lenyewe. Dada yako Hawa ameposwa. Barua ya posa ililetwa na wazee watatu wa Soni, watu wa heshima, na mwenye kuposa ni Hamza bin Idi, mfanyabiashara. Hawa amekubali. Mama yako amekubali. Mimi nimekubali. Anayebaki ni wewe, na kwa bahati mbaya sheria imekuweka wewe mbele yetu sote. Baba yenu Rajabu ametangulia, babu yenu ametangulia, na sheikh amenieleza, kana kwamba sijui, kwamba walii wa Hawa ni kaka yake wa baba mmoja na mama mmoja. Mimi baba yenu mkubwa, niliyewalea tangu mdogo wangu alipofariki, nimo kwenye safu, lakini nyuma yako. Hivyo ndivyo ilivyo na siilalamikii.

Ama uje umwozeshe dada yako, ama uniwakilishe mimi kwa maandishi, yaani unipe idhini nimwozeshe kwa niaba yako. Tunakusudia ndoa iwe mwezi wa Shaabani, kabla ya Ramadhani. Hawa ana miaka ishirini na saba na amemhudumia mama yenu peke yake. Usimcheleweshe.

Ni mimi Baba yako Mkubwa,
Hamisi bin Waziri


Kassel, Ujerumani
12 Septemba 1999

Baba Mkubwa, shikamoo.

Natumaini u mzima, na mama, na Hawa. Mimi sijambo. Baridi bado haijaanza, watu hapa wanalalamika joto, nami nimevaa sweta. Kazi inaendelea vizuri katika idara ya chakula ya hospitali.

Mtoto wa jirani amesema kweli. Ni chama cha wazee wastaafu. Mkubwa wao, Mzee Klausi, alikuwa mwokaji mikate, na chumba cha juu cha nyumba yake kimejaa reli ndogo zenye upana wa vidole viwili, milima ya karatasi na vituo vyenye taa. Wazee wenye wajukuu hulala kifudifudi chini ya meza kuunganisha nyaya. Najua utakavyosema, kwa hiyo sema tu. Mimi silali chini ya meza. Mimi huchora. Kuna programu ya kompyuta ya kuchorea njia za treni kabla ya kuzijenga, na wao hawaiwezi kwa sababu ya macho. Nikamaliza kuwachorea vituo vyao, na Mzee Klausi akaniambia sasa nichore kituo cha kwetu, wakijenge kwa ajili ya maonyesho ya mwakani.

Nachora Mombo. Njia kuu ninaikumbuka, na njia ya pili ya kupishania treni ninaikumbuka. Inayonishinda ni njia ya tatu, ile iliyokuwa ikienda kwenye ghala la mkonge, alikokuwa akifanya kazi baba. Nilikuwa nikimpelekea chakula. Namwona ameinama juu ya mkono wa pointi, ile ya kuhamishia treni njia, anauvuta kwa uzito wake wote ili behewa liingie ghalani, lakini sikumbuki kama pointi ilikuwa upande wa milimani au upande wa barabara, wala kama ilitoka kwenye njia kuu au kwenye njia ya pili. Ukishuka Mombo, nakuomba utazame uniandikie.

Nimefurahi sana kwa ajili ya Hawa. Mwambie nimekubali. Kuhusu kuja, nitaangalia nafasi kazini.

Mwanao,
Yusufu


Vuga
16 Oktoba 1999

Kwa Yusufu,

Salamu zote zimefika na zimegawanywa. Mvua za vuli zimeanza, barabara ya Soni imemeguka mahali pawili na abiria wanashuka kusukuma. Mama yako anakusalimu, anauliza sweta hiyo kakununulia nani.

Nimesoma habari za wazee wa huko kwa mshangao mkubwa. Hapa mzee akilala kifudifudi chini ya meza tunaita mganga. Huko wanaita wanachama. Sina ubishi, kila nchi na maendeleo yake. Sisi tuna reli ya kweli na hatuna treni ya abiria, ninyi mna treni za kila rangi na reli zake zinaingia kwenye sanduku la viatu. Tungeweza kuungana.

Ila nimeona jambo. Katika barua yako, njia ya tatu imepata mistari mingi, na ndoa ya dada yako imepata mistari mitatu. "Mwambie nimekubali." Nilimpelekea sheikh maneno hayo. Aliyasoma, akavua miwani, akaniuliza, "Mwalimu Hamisi, amekubali nini? Amekubali nani aozeshe? Kwa bwana yupi?" Kukubali si kuwakilisha, Yusufu. Ukimwambia jirani unakubali auze ng'ombe wako, hujampa kamba. Inatakiwa karatasi yenye jina lako, jina la Hawa, jina la Hamza na jina langu, na sahihi yako mbele ya Waislamu wawili wanaokujua. Au uje mwenyewe, jambo ambalo lingetufurahisha zaidi, kama idara hiyo ya chakula inaweza kukaa bila wewe kwa majuma matatu.

Kuhusu Mombo, nitashuka nitakapopata sababu ya maana ya kushuka. Mzee wa miaka sitini na sita akionekana anazungukazunguka relini anatazama ardhi, watadhani amepotelewa na meno.

Shaabani inakaribia.

Baba yako Mkubwa


Kassel
14 Novemba 1999

Baba Mkubwa, shikamoo.

Mwambie mama sweta niliinunua mwenyewe. Mwambie pia kwamba hakuna mtu mwingine wa kuulizia.

Samahani kwa kuchelewa. Nilitaka nikuandikie baada ya kujua kama nitapata ruhusa, na mambo ya ruhusa hapa yana ofisi nyingi. Bado sijajua.

Umeicheka kazi yangu, lakini ungeipenda, maana ina sheria kuliko darasa lako. Ukishachora njia moja, unaiambia kompyuta ikuchoree pacha wake ubavuni, naye anaifuata kwa umbali uleule mpaka mwisho. Penye mstari mnyoofu ni rahisi. Penye kona, njia ya nje inatakiwa kupinda polepole kuliko ya ndani, la sivyo mabehewa yatakwaruzana. Kazi ngumu ni pointi, pale njia moja inapoiacha nyingine. Pointi zinatoka kiwandani zikiwa na pembe zake, huwezi kuzishauri. Njia ikishatoka pembeni lazima uipinde tena kidogo irudi kuwa sambamba na mwenzake. Ukikosea hata unywele, ncha hazikutani, na kompyuta inaweka alama nyekundu. Nina alama nyekundu moja tu, nayo iko kwenye njia ya tatu, ambayo ncha yake nimeiacha wazi. Nimeijaribu pande zote na kila upande inakubali, kwa hiyo sijui upi ni wa kweli. Mzee Klausi anasema nichague wowote, nani atajua? Mimi nitajua.

Kuhusu karatasi ya uwakilishi nimeelewa. Lakini, Baba Mkubwa, karatasi inataka jina la Hamza, nami simjui Hamza. Mmesema tu ni mfanyabiashara. Sokoni Soni hata anayeuza karanga kwa kijiko ni mfanyabiashara. Anafanya biashara gani? Nadhani walii anaruhusiwa kuuliza.

Mwanao,
Yusufu


Vuga
19 Desemba 1999

Kwa Yusufu,

Ramadhani karimu. Tunafunga salama. Mama yako anafunga na goti lake. Hawa ndiye anayepika futari, na mwaka huu anapika kimya, maana alitarajia kuwa anapika kwingine. Shaabani imepita, kama ulivyoona kwenye kalenda yako, ikiwa huko wana kalenda.

Nilishuka Mombo kabla ya mfungo, kwa ajili yako, kwa miguu yangu na nauli yangu. Kituo kipo. Njia kuu ipo. Njia ya pili ipo pia na nyasi zake. Kuhusu njia ya tatu, ilitoka kwenye njia ya pili, si kwenye njia kuu, na ilielekea upande wa milimani. Nilithibitishiwa na mzee mmoja aliyefanya kazi na baba yako, ambaye alinishika mkono akanionyesha mahali hasa palipokuwa na ile pointi. Alimsifu sana baba yako. Alisema Rajabu hakupitisha behewa hata moja kabla ya kuinama kutazama kwa jicho lake kama ulimi wa reli umegusa sawasawa, hata siku ambazo msimamizi alikuwa akimpigia kelele. Basi iandike hivyo kwenye kompyuta yako na alama nyekundu iondoke. Umbali kati ya njia ya pili na ya tatu sikuupima, kwa kuwa kuna mchicha wa watu na mimi sikanyagi mboga za wenzangu.

Umeuliza Hamza anafanya biashara gani. Anafanya biashara huria. Ana lori la tani saba, haliendeshi kwa ulevi kwa kuwa hanywi, anaswali, na akija hapa hukaa kwenye kigoda na si kwenye kiti changu. Dada yako akipita, yeye hutazama chini. Nimemchunguza kuliko nilivyokuchunguza wewe ulipoomba nauli ya ndege.

Leta karatasi. Tumesogeza mpaka baada ya Idi.

Baba yako Mkubwa


Kassel
16 Januari 2000

Baba Mkubwa, shikamoo. Idi njema, japo imepita. Mimi ni mzima. Theluji imefika magotini.

Alama nyekundu imeondoka. Njia imekubali mara ya kwanza, kama vile ilikuwa ikisubiri. Nakushukuru kwa kushuka.

Lakini nimeisoma barua yako mara kadhaa, na wewe ndiye uliyenifundisha kusoma. Umeandika njia kuu ipo. Umeandika njia ya pili ipo. Ya tatu umeandika ilitoka, na ilielekea, na mahali palipokuwa na pointi. Na mchicha. Mchicha hauoti kwenye kokoto za reli.

Reli ya baba iko wapi? Na lori la tani saba linabeba nini?

Yusufu


Vuga
20 Februari 2000

Kwa Yusufu,

Tumepokea salamu. Mama yako anasema theluji ya magotini ni mbaya kwa magoti.

Hongera kwa kusoma vizuri. Nilidhani nimefundisha darasa zima bila mafanikio.

Lori linabeba chuma. Hamza ananunua vyuma chakavu na kuviuza Tanga na Dar es Salaam. Lile shamba la mkonge lilipouzwa kwa mmiliki mpya, huyo hakuwa na haja ya ghala wala njia ya kuingilia ghalani, akauza reli zote za njia ya tatu kwa anayezitaka. Aliyezitaka ni Hamza. Alilipa, akapewa stakabadhi, akaleta vijana na gesi ya kukatia, wakazing'oa. Mataruma ya chuma, yale yanayolaliwa na reli, aliyachukua pia. Mashimo yaliyobaki wanawake wa pale wameyapanda mchicha, na umestawi. Hakuiba kitu. Niliomba stakabadhi nikazisoma.

Hakujua baba yenu alikuwa nani pale. Alipojua alikuwa amekwisha kumpenda dada yako, na reli zilikuwa zimekwisha kuyeyushwa. Hayo yote yalitokea kabla sijakuandikia barua ya kwanza. Sikukueleza kwa kuwa sikuona faida yake. Umenipa kazi ya kumwelezea kijana aliyeko Ulaya kwamba shemeji yake mtarajiwa ameikata reli ya marehemu baba yake, vipande vya urefu wa mkono, na kwamba ni mtu mzuri. Kama unaijua namna nzuri ya kuandika sentensi hiyo, nifundishe.

Sasa unajua. Karatasi.

Baba yako Mkubwa


Vuga
7 Mei 2000

Kwa Yusufu,

Hii si zamu yangu kuandika. Zamu ni yako tangu Februari, nami katika maisha yangu sijawahi kumwandikia mtu asiyenijibu. Lakini inaelekea uhuru wa biashara umenifikia na mimi.

Masika imekuwa kubwa. Ukuta wa jikoni umeanguka upande wa bondeni, haukumwangukia mtu. Aliyekuja kuujenga, na mawe kwenye lori lake, ni huyo mkata reli. Nimeona nikueleze ili orodha ya makosa yake ikamilike.

Idi Kubwa ilipopita bila jibu nilikwenda tena kwa sheikh. Nilifikiri, mimi mzee mjinga, kwamba walii akinyamaza haki inarudi kwangu. Sheikh akasema hapana. Walii wa karibu akiwa mbali na amenyamaza, haimrudii baba mkubwa, inakwenda kwa kadhi. Maana yake Hawa ataozeshwa na mtu kutoka mjini ambaye hajapata kumwona, ataitwa jina kutoka kwenye karatasi, kama mtoto wa kuokotwa, huku ana kaka mzima wa mwili na baba mkubwa ameketi hapo kwenye mkeka. Hilo ndilo ulilotupangia kwa kukaa kimya.

Nilipofika nyumbani nikamweleza Hawa. Alikuwa anamenya viazi. Nikamwambia, "Kaka yako amekasirika kwa ajili ya reli." Hakunyanyua uso. Akasema, "Baba Mkubwa, mwandikie Kaka. Mwambie baba alizifungua reli zile na kuzifunga, hakuzizaa. Aliyezaliwa ni mimi." Kisha akaniambia nisogeze mguu, nimekanyaga maganda.

Nimeandika kama alivyosema, bila kurekebisha.

La pili ninalisema mimi. Nimefundisha watoto miaka mingi. Mtoto ambaye hana sare, na hataki kusema kwamba hana, husema anaumwa tumbo. Wewe tangu chuo kilichokupeleka huko kilipokwisha unaumwa tumbo: nafasi, ruhusa, ofisi nyingi. Sijakuuliza na sikuulizi. Najua kwamba ukitoka huko mlango utafungwa nyuma yako, na hujawa tayari kusikia unavyofungwa. Hakuna aliyekuomba uvunje mlango. Tumekuomba karatasi moja. Kama hasira zako ni za Hamza, mkasirikie Hamza, ana mabega mapana. Kama ni za kutokuwepo hapa wakati reli inang'olewa, hizo usimtoze Hawa.

Mwisho wa Juni, ikiwa hakuna kitu, nitakwenda mjini kwa kadhi mwenyewe.

Hamisi bin Waziri


Kassel
4 Juni 2000

Baba Mkubwa, shikamoo.

Nimeipokea barua yako siku ya maonyesho. Niliisoma nimesimama nyuma ya meza ya Mombo, watu wanapita.

Kituo kimependeza. Wamejenga milima nyuma yake, mirefu kidogo kuliko inavyostahili, na Mzee Klausi alitia ukungu wa pamba. Treni ya mizigo inaingia, inakaa kwenye njia ya pili, ya abiria inapita. Kisha kichwa kidogo cha treni kinatoka na behewa moja na kuingia njia ya tatu. Mtoto mmoja wa Kijerumani aliuliza kwa nini kinakwenda kule ambako hakuna kitu. Ghala hatukuwahi kulijenga, muda uliisha. Mzee Klausi akamjibu kwamba ndivyo Mwafrika alivyotaka. Nikasogea kando nikaimaliza barua yako.

Ulivyosema kuhusu tumbo ni kweli. Siumwi tumbo. Nikitoka sirudi, na nikirudi nyumbani hivi nilivyo, nitarudi na sweta tu. Nilitaka nije kumwozesha Hawa nimevaa vizuri, nimeleta vitu, nikukute umekaa mahali pako na mimi nimekaa mahali pa baba. Kila nilipoikalia hiyo karatasi niliona kwamba nikiiandika nimekwisha kusema siji. Kwa hiyo nikawa nachora. Habari za Hamza ziliponifikia nilifurahi, nakwambia ukweli, kwa kuwa nilipata sababu ya kumkasirikia mtu mwingine.

Mwambie Hawa maneno yake yamefika na maganda yake.

Mwambie Hamza, kwa maneno haya haya, kwamba nimemwachia dada yangu, lakini njia ya tatu nimeiacha palepale kwenye kompyuta, na humo lori lake halifiki.

Karatasi ni hii:

Mimi Yusufu bin Rajabu, walii wa ndugu yangu Hawa binti Rajabu, nimemwakilisha baba yangu mkubwa Hamisi bin Waziri amwozeshe Hawa kwa Hamza bin Idi, kwa mahari watakayokubaliana na kwa ridhaa yake Hawa. Nimetia sahihi nikiwa na akili timamu mbele ya Mehmeti, anayeuza mikate mtaani kwangu, na Idrisi, mtu wa Moroko, anayeosha sahani karai la pili kutoka langu.

Mwanao,
Yusufu


Vuga
9 Julai 2000

Kwa mwanangu Yusufu,

Assalaam aleikum. Sote wazima. Mama yako amelia na kucheka kwa zamu tangu Ijumaa na leo amelala. Ukuta wa jikoni umesimama.

Karatasi ilifika kabla sijakwenda mjini. Sheikh aliikagua juu na chini, akamsoma Mehmeti, akamsoma Idrisi, akauliza karai la pili ni cheo gani. Nikamjibu ni mambo ya idara ya chakula. Ameikubali.

Ndoa imefungwa Ijumaa baada ya swala, barazani kwetu. Hawa alitaka mahari ya msahafu na cherehani, amepata vyote. Hamza alitoka jasho katika baridi ile ambayo hata mbuzi hawakutaka kutoka nje. Nilikuwa nimempa ujumbe wako asubuhi, kwa maneno yako hayo hayo. Aliinamisha kichwa, akasema, "Mwambieni shemeji nimesikia, na ana haki." Sikupenda alivyojibu vizuri hivyo. Nilikuwa nimejiandaa kumkaripia.

Ilipofika wakati wa kusema maneno, nilimshika Hamza mkono kama inavyotakiwa, na nikaanza bila kusita. Nikasema, nimekuozesha Hawa binti Rajabu kwa uwakilishi wa kaka yake. Hapo ilinipasa kulitaja jina lako. Sheikh akasubiri. Wazee wa Soni wakatazamana, na Hamza, maskini, alidhani nimebadili nia, akanibana vidole mpaka vikauma. Mtu mmoja nyuma alisema kwa Kishambaa, polepole, "Mwalimu amesahau." Mimi sikusahau. Vumbi liliniingia kooni.

Mvua ya manyunyu ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri, na kuhusu vumbi hilo sitapokea maswali. Nililitaja jina lako kwa ukamilifu pamoja na la baba yako, kwa sauti ambayo walioko jikoni waliisikia, na Hamza akajibu amekubali kabla sijaufunga mdomo.

Ni mimi Baba yako Mkubwa, niliyesimama mahali pako kwa ruhusa yako,
Hamisi bin Waziri